Ngatinah Auza Nyumba

Ngatinah hajawahi kukutana na jambo akaliacha lipite bila kuliuliza jina la baba yake. Sokoni anauza tempe, zile soya anazozichachusha mwenyewe mpaka zikashikana kama mkate, akazifunga kwa majani ya mtiki. Mteja hapewi chenji mpaka aeleze kama mkwewe amejifungua salama na yule mbuzi aliyepotea alikutwa kwa nani. Mumewe, marehemu Sagiman, alikuwa akisema kwamba mkewe hupeleka tempe kikapu kimoja na kurudi na habari vikapu viwili. Alilisema hilo kwa fahari. Yeye alikuwa mtu wa kunyamaza, na watu wa kunyamaza hupenda kuwa na mtu nyumbani wa kuwaulizia mambo.

Ngatinah alizaliwa hapa hapa Ngrancah, kwenye vilima vya mawe meupe kusini mwa Java, ndani ya nyumba ya mtiki ambayo yenyewe haikuzaliwa hapa. Babu yake aliinunua kwa mtu wa nchi tambarare huko chini. Wanaume wakaifungua kipande kwa kipande, wakaipandisha mlimani mabegani, wakaiunga tena juu ya mawe ilipokaa miaka yote. Huku kwetu hilo halimshangazi mtu. Nyumba ni mbao zilizopachikwa, hazina msumari, na inahama kama kabati linavyohama. Ardhi ni habari nyingine kabisa. Ukiuza ardhi unaita ndugu, unamwita mkuu wa kijiji, na watu hawakutazami usoni kwa muda. Lakini ukisema umeuza nyumba, watu wanakuuliza tu: inahamia wapi?

Wanauliza majirani, si muuzaji. Muuzaji akimuuliza mnunuzi nyumba inakokwenda, inahesabiwa kwamba moyo wake haujaiachia, na nyumba ya namna hiyo haitulii inakofika; milango inakwama, paa linavuja pasipo na tundu. Basi muuzaji hufunga mdomo. Kwa watu wengine hilo ni jepesi.

Tangu barabara mpya ilipopita upande wa bahari, watu wa mjini walianza kupanda vilimani kutafuta ardhi. Jirani yetu Bwana Wiryo, Pak Wiryo tunavyomwita, aliuza shamba lake lote la juu, lile lenye upepo ambalo hata mihogo ilikuwa ikiota kwa kinyongo. Akanunua pikipiki na televisheni kubwa kama mlango, na sasa kazi yake ni kufungua na kufunga geti la wageni kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yake. Ngatinah alipanda mpaka kwenye geti hilo kwenda kuuliza.

"Kwani huko ndani wanafanya nini kutwa nzima?"

"Wanatazama," alisema Pak Wiryo.

"Wanatazama nini?"

"Huko bondeni."

"Bondeni si kwetu?"

"Ndiyo hivyo. Wanatutazama sisi."

Ngatinah akageuka, akalitazama bonde kwa muda mrefu. Aliona moshi wa jiko lake mwenyewe na kanga zake zimeanikwa. Hakuona cha kulipia. Alirudi akiwaza, na jioni akahamisha kamba ya kuanikia nguo za ndani.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kitu kingine. Binti yake wa pekee, Sulasih, yuko Taiwan, anamtunza bikizee mmoja asiye na nguvu za kujigeuza kitandani. Mkataba wake ulikuwa unakwisha baada ya Idi, na wakala alikwisha anza kumsukuma asaini mwingine. Sulasih alitaka kurudi. Alikuwa fundi cherehani mzuri kabla hajaondoka, na alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: kibanda mbele ya uwanja wa mama yake, cherehani mbili, kioo kirefu cha wateja kujitazamia.

"Nikirudi mikono mitupu, Mak, nitakula nini?" alikuwa akisema kwenye simu. "Tempe yako?"

"Tempe yangu ina ubaya gani? Ndiyo iliyokukuza."

"Ndiyo maana nikawa mfupi."

Walikuwa wakicheka hivyo, huku kila mmoja anajua kwamba jina litasainiwa tu, na miaka mingine itakwenda. Ngatinah alikuwa akiogopa kufa kabla ya mkataba kwisha. Aliogopa zaidi ya hapo: binti yake atarudi akiwa amezoea kwa watu, akute hapa pamekuwa ugenini.

Ndipo akaja Pak Hendarto. Gari lake lilichemka mbele ya uwanja wa Ngatinah, akaingia kuomba maji ya kulipoza. Alikuwa mtu wa Jakarta, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, mpole. Alipopewa maji hakuyapeleka kwenye gari. Alisimama mlangoni akiipapasa nguzo, kwanza kwa vidole, kisha kwa kiganja.

"Bu," alisema, akimwita mama kwa heshima, "nyumba hii, mngeweza kuiachia?"

Ngatinah akamkaribisha kiti, akaweka chai. Kabla haijapoa alikwisha jua kwamba Pak Hendarto ana mke anayeitwa Lestari, hawana watoto, anastaafu mwaka huu, na ana shinikizo la damu lakini anakula mbuzi kwa siri. Kisha wakarudi kwenye nyumba.

"Paa lina mchwa upande wa machweo," alisema Ngatinah, maana hakutaka kumwuzia mtu kwa ujanja.

"Naipenda ilivyo."

"Hutaki kupanda uangalie boriti?"

"Hapana, Bu. Nikikaa hapa tu naona inanitosha."

Akataja bei. Ngatinah akamwomba airudie, akidhani masikio yake yamemtania. Akairudia, ile ile. Ilikuwa ya kumrudisha Sulasih, kujenga vyumba viwili vya matofali, na kuweka cherehani ndani.

"Utaichukua lini, Pak?"

"Baada ya Idi, kama haitawasumbua. Na karatasi tutazishughulikia wakati huo huo."

Ngatinah akaitikia. Mbao za mtiki hazisafiri bila karatasi, kila mtu anajua. Polisi wa barabarani huzipenda kuliko chakula. Swali moja lilikuwa limemkaa kooni, linamkereketa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilimeza. Pak Hendarto akatoa malipo ya mwanzo, wakapeana mikono, gari likaondoka.

Habari ilimfikia Lik Parmin kabla vumbi halijatua. Huyu Parmin ni binamu yake Ngatinah, mdogo kwake, humwita Yu, yaani dada, na ndiye fundi wetu wa kufungua na kuunga nyumba. Alikuja, akaizunguka nyumba, akapanda paani, akashuka na kichwa kimejaa utando wa buibui.

"Kwa bei hiyo, Yu, hata mchwa nao umewauza."

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Anaipenda ilivyo."

"Basi ni mwendawazimu, au inakwenda Bali. Huko wazungu wanalala ndani ya nyumba kama hizi, hawataki hata dari."

Kijiji kizima kikaingia kwenye kazi ya kukisia. Wengine wakasema Bali, wengine mkahawa wa Surabaya. Mke wa Pak Wiryo aliapa kwamba nyumba itawekwa ndani ya nyumba nyingine, kubwa zaidi, aliona kitu kama hicho kwenye simu. Walipomwuliza Ngatinah, akawaambia hajui, adabu haikumruhusu kuuliza. Hakuna aliyemwamini. Mwanamke huyu, aliyewahi kumuuliza imamu kwa nini amebadilisha sabuni, leo hajui nyumba yake inakokwenda? Walimtania mpaka akakosa raha. Naye mwenyewe alikuwa akiteseka kuliko wote.

Bei ile ilimkaa vibaya. Aliona amepewa zaidi ya kilichopo, na hakupenda kudaiwa shukrani na mtu wa mjini. Akamwambia Parmin kwamba mnunuzi asije akahangaika kutafuta mafundi. Waifungue wao, waipange, aje apakie tu. Iwe nyongeza.

Idi ikapita. Asubuhi iliyochaguliwa Ngatinah alipika uji mwekundu na uji mweupe, imamu akasoma dua, wanaume wakapanda. Vigae vilishuka mkono kwa mkono. Parmin aliandika kila kiungo kwa mkaa, kwa herufi za kale za Kijava ambazo siku hizi wanazijua mafundi na wazee tu, ili kila ubao ujue jirani yake. Wanawake walipika mboga za tui na tempe mpaka moshi ukawafukuza kuku. Adhuhuri Ngatinah alisimama pale kilipokuwa kitanda chake, akatazama juu, akaona mbingu. Alilia. Hakujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Hapo alizaliwa, na hapo alimzaa Sulasih. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akaenda kuonja chumvi.

Alasiri uwanja ulikuwa mweupe. Pembeni mbao zilipangwa vizuri, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi, na vigae vimesimama kwa safu. Nyuma kilibaki kibanda cha jiko cha mianzi, ambamo Ngatinah alikuwa amekwisha ingiza kitanda na vyungu vyake.

Pak Hendarto alifika keshoye, wanaume bado wako hapo wanakunywa chai. Nyuma ya gari lake kulikuwa na gari dogo la mizigo, na juu yake godoro, friji na makochi mawili yamefungwa karatasi za nailoni. Parmin aliliangalia lile friji kwa mashaka. Bu Lestari alishuka na chungu cha maua mkononi. Mumewe alishuka, akatazama mbele, akatazama kulia, akatazama gari lake kama kwamba ndilo lililokosea njia.

"Nyumba iko wapi?"

"Hii hapa, Pak," alisema Parmin, akaipiga boriti kofi la mapenzi. "Tayari. Hakikuvunjika hata kigae."

"Vimevunjika vitatu," mtu akasema kutoka nyuma.

"Vitatu si kitu."

"Nani amewaambia muibomoe?"

"Haijabomolewa, Pak. Imefunguliwa."

"Lakini mimi," Pak Hendarto alisema, na sauti ikawa ndogo, "mimi nilinunua nyumba."

"Ndiyo hiyo."

"Nyumba na hapa. Mahali hapa. Na huu uwanja."

Parmin akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Ngatinah aliiona ile bei upya, ikaacha kuwa ya ajabu. Ilikuwa bei halali kabisa ya kitu ambacho hajawahi kukiuza, na yeye aliipokea kwa mikono miwili na kumwekea mtu chai. Kama angeuliza lile swali moja. Alikasirika, na hasira nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe. Lakini nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine alichotaka kukijua kwa dhati, na safari hii hakukimeza.

"Pak, samahani, nauliza tu. Wewe ulipodhani umenunua na hapa, ulidhani mimi nakwenda wapi?"

Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililomfanya Pak Hendarto akose pa kushika. Bu Lestari akamgeukia na chungu chake cha maua, naye akangoja jibu.

"Nilidhani," alisema, "nilidhani mna watoto."

"Ninaye mmoja. Yuko Taiwan, anamwogesha mama wa watu. Niliuza mbao ili arudi." Akaonyesha chini kwa kidole gumba, kwa heshima, kama tunavyoonyesha vitu huku. "Arudi hapa."

Ngatinah akaingia jikoni, akatoka na malipo ya mwanzo yamefungwa kwenye leso kama alivyopewa, akayaweka juu ya rundo la mbao mbele ya mgeni.

"Hazijapungua," alisema. "Tumekosea sote."

"Tunaiunga tena, Yu," Parmin akamnong'oneza. "Kesho jioni unalala ndani."

Ngatinah akatikisa kichwa kukubali. Angelala ndani, na Sulasih angesaini. Alikuwa anawaza atayasemaje hayo kwenye simu bila sauti kukatika.

Pak Hendarto hakuzigusa zile fedha. Alikuwa ameinama akisoma zile alama za mkaa, ingawa hakuzijua. "Hata kama ningezitaka mbao," alisema, "nizipeleke wapi? Jakarta tunakaa ghorofani tu. Sina kwetu mimi. Baba aliuza nyumba nikiwa mdogo, huko Purworejo, tukahama."

Parmin na Ngatinah wakatazamana.

"Aliuza nyumba?" Ngatinah aliuliza.

"Ndiyo."

"Ikaondoka?"

"Ikaondoka vipi?"

"Nyumba, Pak. Iliondoka au ilibaki?"

Pak Hendarto akafikiri. Ilionekana usoni kwamba anatafuta mbali, mahali ambapo hakuwa amepita siku nyingi. Alikumbuka lori la mbao, alisema, na wanaume wanaimba, na yeye analia kwa sababu walimkataza kupanda juu. Siku zote alidhani zilikuwa kuni.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mpigie umuulize," Ngatinah alisema. Alikwisha mkaribia, na wanaume wote nao wakajivuta na bilauri zao, maana sasa lilikuwa jambo la watu wote.

Sauti ya kikongwe ilitoka kwenye simu kavu na ya haraka. "Nini tena? Umeshahamia?"

"Bado. Mama, baba aliuza nini kule Purworejo?"

"Aliuza nyumba. Aliinunua mwenye mashine ya mpunga. Kwa nini?"

"Na kiwanja?"

"Kiwanja kimefanya nini?"

"Kiliuzwa?"

"Nani amesema kiwanja kiliuzwa? Kiko pale. Pakde wako, yule kaka wa baba yako, anapanda mihogo. Kila mwaka si tunaletewa gunia?"

"Nilidhani ni zawadi."

"Zawadi gani? Mihogo yako hiyo. Umeila miaka hamsini."

Pak Hendarto alikaa juu ya boriti, simu bado mkononi, mama yake bado anaongea kuhusu gunia. Bu Lestari akaweka maua chini. Mzee wa watu alikuwa analia kimya kimya, na wanaume wetu wakatazama kwingine, wakayatazama makochi.

"Maisha yangu yote nimewaambia watu sina kwetu," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?" alisema Ngatinah, kisha akaona aibu, maana na yeye hakuuliza.

Walichofanya baadaye kilimshinda Parmin kustahimili. Ngatinah alisema mbao zina bei ya mbao, akaitaja, na ilikuwa ndogo mno mbele ya ile ya kwanza. Pak Hendarto akapandisha. Ngatinah akashusha. Akapandisha tena, akisema mafundi watalipwa kuja kuiunga Purworejo, kwenye kiwanja chake. Ngatinah akakumbusha mchwa. Parmin, aliyeona hela ikirudishwa kwa mwenyewe mbele ya macho yake, alikohoa mpaka akaletewa maji. Walipokutana katikati, hesabu ilitosha cherehani mbili na kibanda, na matofali yangengoja. Ngatinah angekaa kwenye jiko la mianzi mpaka Mungu apende.

"Basi sasa niambie," alisema, na uso ukamchangamka kama wa msichana, "maana inakokwenda umekwisha kunitajia mwenyewe, kwa hiyo kuuliza si kosa. Kijiji gani huko Purworejo? Mto uko karibu? Pakde wako ni mtu wa namna gani?"

Siku malori yalipopakia na kushuka mlimani, simu ya Taiwan iliita. Sulasih alikuwa anaongea chini chini, bikizee amelala.

"Mak, wakala yuko hapa na karatasi. Niseme nini?"

"Usisaini, Nduk, mwanangu."

"Nyumba je?"

"Imeondoka. Sasa hivi, malori mawili."

"Yote?"

"Yote. Yamebaki mawe."

"Sasa wewe uko wapi?"

Ngatinah akatazama huku na huku, uwanja mtupu, kuku wakichakura pale palipokuwa sebule.

"Niko nyumbani," alisema.